Kamba, Gurudumu na Mti wa Mtumbwi

Katika Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, mtumbwi wa jadi huchongwa katika gogo moja. Upana wake hauwezi kupita unene wa gogo lenyewe. Kwa hiyo swali moja hutangulia shoka: mti huu una kipenyo gani? Mti ukiisha kuangushwa na kuonekana mwembamba, hausimami tena; nao mtumbwi mwembamba kupita kiasi hupinduka upesi ziwa linapochafuka.

Kipenyo ni mstari ulionyooka utokao ukingo mmoja wa duara hadi wa pili kwa kupitia katikati. Nusu yake huitwa nusukipenyo. Katika mti uliosimama, katikati hapafikiki kwa rula. Kinachofikika ni mzingo, yaani urefu wa kulizunguka duara.

Uhusiano wa vipimo hivi waweza kujaribiwa kwa baiskeli katika uwanja wa shule. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 70, pamoja na mpira wake, litiwe alama ya chaki mahali ligusapo ardhi, kisha lisukumwe moja kwa moja mpaka lizunguke mara 10. Umbali utakaribia mita 22. Mzingo basi ni sentimita 220, na 220 ikigawanywa kwa 70 hupatikana 22/7. Kifuniko cha sufuria kitatoa jibu lile lile. Namba hiyo isiyobadilika ndiyo pai. Archimedes, Myunani wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba pai ni ndogo kidogo kuliko 22/7.

Sasa kamba na izungushwe shinani, ikazwe, wala isipande upande mmoja. Mabwana miti hupima penye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mzingo ukiwa sentimita 220, kipenyo ni 220 × 7/22, yaani sentimita 70, na nusukipenyo ni 35. Gome lenye unene wa sentimita 2 hutolewa mara mbili, kwa kuwa kipenyo hulipita pande zote mbili. Mbao hubaki sentimita 66.

Atumiaye 3 badala ya 22/7 atapata zaidi ya sentimita 73, akiuongezea mti unene usiokuwapo. Lakini 22/7 haikosei hata nusu milimita hapa, ilhali kamba iliyolegea kwa sentimita 6 hukosesha kipenyo kwa karibu sentimita 2. Tena, shina lisilo la mviringo kamili lina upande mwembamba kuliko jibu la hesabu. Jicho la fundi lingali lahitajika.

Zoezi: mti una mzingo wa sentimita 176 na gome la sentimita 1.5. Je, wafaa kwa mtumbwi wenye upana wa sentimita 55? Kipenyo ni 56. Pasipo gome, 53. Haufai, na uachwe ukue.