Pesa za Chama Si Mauzo. Je, Unaweza Kuthibitisha?

Chukua mfano wa mama anayenunua samaki Kizingitini, kisiwani Pate, na kuwauza Amu. Laini yake ni moja tu. Humo huingia malipo ya wateja, michango ya chama ambacho yeye ndiye mweka hazina, na pesa anazotumiwa na mwanawe aliye Mombasa za kumalizia nyumba. Mwisho wa mwaka, taarifa ya simu inaonyesha shilingi 2,000,000 zimeingia. Mauzo yenyewe ni 1,200,000.

Siku KRA ikiuliza juu ya hizo milioni mbili, atasema, "Jamani, nyingine si zangu!" Ni kweli. Lakini Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamtaka mlipaji ndiye athibitishe kwamba hesabu ya KRA si sahihi.

Tangu Julai 2023, biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hulipa ushuru wa mauzo, ule wa TOT, wa asilimia 3. Kwa mauzo halisi ya mama huyu, ni 36,000. Kwa milioni mbili, ni 60,000. Yaani 24,000 zimekwenda hivi hivi, kwa kukosa daftari.

Na TOT huhesabiwa kwa mauzo, si faida. Hata wakati wa kusi, bahari ikichafuka na faida ikapotea, ulichouza kinatozwa.

Fanya hivi:

- Chukua tili ya biashara, wateja walipe huko tu. Chama nacho kiwe na laini yake.
- Kila wiki andika pesa zisizo za mauzo: nani katuma, na za nini. Ya Februari huwezi kuyakumbuka Disemba.
- Pakua taarifa yako kila mwezi. Sheria inataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5.
- Wasilisha na ulipe TOT kupitia iTax kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.
- Ukipewa tathmini usiyokubaliana nayo, usinyamaze. Una siku 30 za kuipinga kwa maandishi.

Jambo la mwisho: kibali cha biashara cha Kaunti ya Lamu hakichukui nafasi ya ushuru wa KRA. Ni malipo mawili tofauti. Weka risiti za yote mawili.