Dagaa Wasipotelee Mchangani

Tukisikia neno mavuno, wengi wetu huwaza shamba la mahindi au la mpunga. Kumbe akina mama wa kandokando ya Ziwa Viktoria nao huvuna, ila mavuno yao hutoka majini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Wakifika mwaloni asubuhi, kazi kubwa huwa mikononi mwa wanawake: kununua, kuanika, kugeuza na kufunga magunia. Magunia hayo hufika Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, ambako hununuliwa na wafanyabiashara wa hapa nchini na wa nchi jirani kama Kongo, Rwanda na Burundi.

Ndugu msomaji, hasara nyingi huja baada ya dagaa kutoka majini. Wakimwagwa chini hushika mchanga na hukanyagwa na kuku na mbwa. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza au huvunjikavunjika. Hao huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Mama aliyekopa mtaji hubaki na deni, na ada ya mtoto haipatikani.

Dawa yake si ngumu. Kichanja cha miti na wavu, kilichoinuliwa kufika kiunoni, huruhusu hewa kupita juu na chini. Maji hudondoka, dagaa hukauka upesi na hubaki safi. Mawingu yakitanda, hufunikwa kwa turubai. Nchini Burundi, kandokando ya Ziwa Tanganyika, shirika la FAO lilianza mwaka 2004 kuwafundisha wakaushaji njia hiyo badala ya kuanika mchangani.

Lakini ujuzi hauji wenyewe. Ni lazima pawe na mtu wa kuusomea na kuufundisha. Hapa Mwanza tunayo kampasi ya Nyegezi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), ambako vijana husomea cheti na stashahada, zikiwemo fani za usindikaji na ubora wa samaki.

Kwa wenye shahada, upo pia ufadhili wa nchi ya mbali. Tangu mwaka 1998, Aisilandi, kisiwa cha kaskazini ya Ulaya kinachotegemea sana samaki, huendesha mafunzo ya miezi sita kwa wataalamu wa uvuvi kutoka nchi zinazoendelea. Yalianza chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa; tangu mwaka 2020 yako chini ya UNESCO, kwa jina la GRÓ. Somo mojawapo ni utunzaji wa samaki baada ya kuvuliwa. Nauli, malazi na posho hulipwa, na Watanzania wamekwisha kusoma huko. Mtu hajipeleki mwenyewe: hupendekezwa na ofisi au chuo anachofanyia kazi, kisha husailiwa. Kiingereza kizuri na uzoefu wa kazi vinatakiwa.

Hapo ndipo penye swali. Mama anayeanika dagaa hana shahada, wala hawezi kuacha watoto miezi sita. Je, ufadhili huo haumhusu? Sisi tunasema unamhusu, kwa sharti moja: aliyesomeshwa arudi mwaloni. Cheti kikining'inia ukutani ofisini, dagaa wataendelea kuoza. Vikundi vya akina mama vina haki ya kumwita afisa uvuvi wa kata na kumwomba awaonyeshe kwa vitendo namna ya kujenga kichanja.

Kwa akina baba tuna neno pia. Mke wako mtaalamu akipata nafasi ya kusoma, usimzuie kwa kuogopa maneno ya majirani. Kaeni pamoja mpange nani atawatunza watoto na fedha za nyumbani zitapatikanaje. Miezi sita hupita.

Nanyi wazazi, binti anapopenda baiolojia na kemia, msimwambie ni masomo ya wavulana. Fani hii huanzia hapo. Na wewe mama uliyeko mwaloni leo, usingoje mtaalamu: anza na kichanja kimoja, weka hesabu ya mauzo yake kando, kisha linganisha na ya dagaa wa mchangani.