Barua pepe ya biashara inayosomeka

Tangazo linalohesabiwa kuwa la kwanza kusambazwa kwa barua pepe kwa mamia ya watu lilitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation ya Marekani. Liliandikwa lote kwa herufi kubwa. Orodha ya wapokeaji ilizidi nafasi iliyotengwa ikamwagikia ndani ya ujumbe, hivyo kabla ya kufika kwenye habari msomaji alipitia rundo la anwani za wenzake. Programu za leo zimemaliza tatizo la anwani. Kumchelewesha msomaji kunaendelea.

Barua ya biashara kwa kawaida haisomwi neno kwa neno, hupitishwa macho tu, mara nyingi kwenye simu, ndani ya daladala au kwenye foleni. Kinachoonekana kwanza ni kichwa cha barua, na simu nyingi hukikata baada ya herufi thelathini au arobaini hivi. Duka la viatu likianza na “Tunapenda kuwataarifu wateja wetu”, herufi 33 zimekwisha, ukihesabu na nafasi, na bidhaa haijatajwa. “Viatu vya shule: punguzo hadi Jumamosi” huonekana karibu chote. Chini ya kichwa, programu nyingi huonyesha maneno ya mwanzo ya ujumbe. Hapo ndipo pa kuweka bei au tarehe. Wengi hupaachia sentensi ya “Kama huoni ujumbe huu vizuri, bofya hapa”, ambayo haijawahi kuuza kiatu.

Ndani ya barua, safu moja inatosha. Upana uliozoeleka ni pikseli 600 kwenye kompyuta, na safu hiyo hujibana yenyewe kwenye simu. Safu mbili hugeuka vichochoro. Herufi za pikseli 16 husomeka bila kukuza skrini, na mistari ipumue kwa mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi. Maandishi yaanzie kushoto, upande wa kulia uachwe usilingane. Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa maneno yake ni marefu: “waliokwishajiandikisha” peke yake hula nusu ya mstari wa simu. Kingo zikilazimishwa kulingana pande zote mbili, maneno machache yaliyobaki huachana kwa mapengo makubwa. Aya zisizidi sentensi tatu au nne. Herufi nzito ni za bei, tarehe na mahali. Zikitapakaa kila mstari hazionyeshi kitu. Rangi nayo ina kipimo: mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na watu wote unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na wabunifu, hushindwa kipimo hicho, na juani hakionekani kabisa.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuchukua bango lililotengenezwa kwa ajili ya WhatsApp na kulibandika kama barua nzima. Picha ya megabaiti mbili hula bando la mteja, na programu kadhaa za barua huzuia picha mpaka mpokeaji aziruhusu. Akifungua hukuta mraba mtupu. Hata picha ikifunguka, Lipa Namba (namba ya kulipia kwa simu) iliyo ndani yake si rahisi kunakiliwa, namba ya simu haibonyezeki, na kifaa kinachomsomea asiyeona hakina cha kusoma. Bei, namba na mahali viandikwe kama maandishi, na kila picha ipewe maelezo mafupi yanayojitokeza isipofunguka. Tahadhari nyingine ni kwa Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani: tangu toleo la 2007 huchora barua kwa injini ya Word, ambayo mara nyingi haionyeshi picha ya mandhari. Maneno meupe yaliyowekwa juu ya picha nyeusi hubaki meupe juu ya nyeupe, isipokuwa mtengenezaji ameweka na rangi ya akiba nyuma yake.

Kitufe kiwe kimoja kikuu, chenye kutaja tendo, “Agiza viatu”, badala ya “Bofya hapa”. Apple hupendekeza eneo la kubonyeza lisipungue pointi 44 kila upande, kwa sababu ya vidole.

Mwisho ni uzito wa barua yenyewe. Gmail hukata ujumbe ambao msimbo wake unapita kilobaiti 102 hivi, na sehemu inayofichwa ni ya chini, ambako kwa kawaida hukaa kiungo cha kujiondoa. Asiyekiona hubonyeza kitufe cha kuripoti barua taka, na ripoti hizo zikirundikana hata barua za wateja waliozitaka huanza kutupwa kwenye folda ya barua taka. Tangu mwaka 2024 Gmail na Yahoo huwataka watumaji wakubwa waruhusu kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Kiungo hicho kiandikwe kwa herufi zinazosomeka, si kufichwa kwa rangi ya kijivu.