Mwanaume kuota matiti si kichekesho, nenda ukapimwe

Kwenye maskani zetu huku Pwani, mwanaume akiota matiti huwa kichekesho. Hubandikwa jina, na baada ya siku chache humwoni tena akivua shati kwenda kuogelea. Mimi pia nimewahi kucheka. Leo naandika kwa sababu kicheko hicho chaweza kumchelewesha mtu kwenda hospitali mpaka maji yakazidi unga.

Ni kweli, mara nyingi hali hiyo si ya hatari. Kijana anapobaleghe matiti yanaweza kuvimba, na aghalabu hutulia yenyewe ndani ya miaka miwili. Unene, ugonjwa wa ini na baadhi ya dawa pia huleta hali hiyo. Lakini iko sababu moja adimu ambayo wengi hatuijui.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Hutengeneza homoni zinazosaidia kudhibiti chumvi na presha mwilini, pamoja na homoni dhaifu za kiume. Mara chache sana tezi hiyo huota uvimbe unaotoa estrojeni, homoni ambayo wanawake huwa nayo kwa wingi. Kila mwanaume anayo kidogo. Tatizo ni inapozidi. Ubongo hudhani homoni zimetosha, huacha kuziamrisha korodani, na testosteroni hushuka.

Hapo matiti hukua na kuuma yakiguswa, hamu ya tendo la ndoa hupungua, nguvu za kiume huisha na korodani husinyaa. Wengi wanaopatwa wana umri wa miaka 25 hadi 50. Na sote twajua mwanaume wa umri huo hukimbilia wapi: dawa za nguvu, kwa siri, usiku. Dawa hizo haziugusi uvimbe. Zinaupa muda wa kukua tu.

Linalonitisha ni kwamba kwa watu wazima uvimbe wa aina hii mara nyingi huwa ni saratani, na hugunduliwa ukiwa tayari mkubwa.

Daktari atakuuliza dawa unazotumia, kisha atakupima matiti na korodani, maana hata uvimbe wa korodani waweza kuleta dalili hizo hizo. Damu itapimwa homoni, na ikibidi utapigwa CT skani ya tumbo. Tiba kuu ni upasuaji wa kuitoa tezi yenye uvimbe. Iliyobaki ikiwa nzima, kwa kawaida huweza kufanya kazi ya zote mbili, ingawa huenda ukahitaji dawa kwa muda. Baada ya hapo utaendelea kufuatiliwa.

Wake zetu, nyinyi ndio mnaoyaona haya kwanza. Msinyamaze. Nasi wa maskani, tukimwona mwenzetu amebadilika, tumwite kando tumwambie aende akapimwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.