Simu sikioni, roho mkononi

Msomaji, ukisimama Kawangware 56 jioni watu wanapotoka kazini, utaona jinsi barabara moja nyembamba inavyogombaniwa. Matatu zinashusha abiria, bodaboda zinapenya katikati, mikokoteni ya maji inasukumwa kando, na akina mama wametandaza sukumawiki na nyanya hadi ukingoni mwa lami. Watoto wa shule nao wanavuka huku wameshikana mikono. Hebu sasa wahesabu madereva wenye simu sikioni, walioiweka juu ya usukani wakisoma ujumbe, na waendeshaji bodaboda walioichomeka kati ya shavu na helmeti. Vidole vya mikono yako miwili vitakwisha upesi.

Wengi huuliza kama haingefaa sheria ipige marufuku mtindo huu. Jibu ni kwamba sheria hiyo tunayo. Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizotolewa mwaka 2016 zinasema dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo atatozwa faini ya Sh2,000. Swali la kujiuliza basi ni kwa nini marufuku hayo hayaonekani pale 56, na je, yanatosha?

Maoni yangu kama daktari ni kwamba marufuku ni ya haki na yanafaa kukazwa. Lakini jinsi tunavyoyaelewa, yanatibu mkono ilhali ugonjwa uko kichwani.

Ubongo haugawanyiki

Madereva wengi huamini kwamba kosa ni kushika simu. Ndiyo maana mwenye waya masikioni hujiona hana hatia, kwa kuwa mikono yake yote miwili iko kwenye usukani. Hapo ndipo tunapojidanganya.

Kuendesha gari si kazi ya mikono na miguu peke yake. Macho hupokea picha, lakini ni ubongo unaoamua ni picha gani inahitaji kushughulikiwa mara moja. Mtu anapozungumza na asiyemwona, sehemu kubwa ya fikira zake huhamia kwenye mazungumzo: anatafuta jibu, anakumbuka bei, anakasirika, anabembeleza. Macho yanaendelea kutazama mbele, lakini mtoto anayetoka nyuma ya mkokoteni anaweza kupita mbele ya macho hayo bila ubongo kumtambua. Dereva wa namna hii husema baadaye, “Sikumwona kabisa,” na mara nyingi anasema kweli.

Utaniuliza, mbona dereva huzungumza na abiria aliyeketi karibu naye? Tofauti ipo. Abiria anaiona barabara. Lori likijitokeza ghafla, hunyamaza, au hata hupiga kelele kumwonya dereva. Anayepiga simu kutoka Gikomba au Kakamega haoni lolote, hivyo huendelea kudai jibu wakati ambapo dereva anahitaji akili yake yote.

Haya si mawazo ya daktari mmoja. Mwaka 1997 watafiti Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha uchunguzi wao wa madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata ajali. Walilinganisha rekodi za simu na saa ya ajali, wakakuta kwamba hatari iliongezeka takriban mara nne wakati simu ilipotumika. Waliotumia simu zisizoshikwa mkononi hawakuonekana kuwa salama zaidi. Mwaka 2005 uchunguzi wa madereva 456 waliofikishwa hospitalini Perth, Australia, ulitoa jibu lilo hilo: mara nne. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapima madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji. Waliona kwamba anayezungumza kwa simu huharibu uendeshaji kwa kiwango kinachokaribia cha mlevi aliyefikia kipimo kinachokatazwa huko.

Kusoma na kuandika ujumbe ni kubaya zaidi, maana hapo hata macho yameondoka barabarani. Chukua mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao pale 56 huonekana wa pole. Ukiangalia simu kwa sekunde mbili tu, gari limekwenda karibu mita 17, yaani zaidi ya urefu wa matatu tatu ndogo zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Katika Barabara ya Ngong, kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde hizo mbili ni mita 33. Umbali huo wote umeupita kama kipofu.

Anayeumia ni nani?

Ripoti za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 walifariki barabarani nchini katika kila mmoja wa miaka ya 2021 hadi 2024. Kundi kubwa zaidi la waliofariki lilikuwa la waendao kwa miguu. Wanaofuata kwa wingi ni waendeshaji na abiria wa pikipiki. Kwa maneno mengine, wengi wanaokufa si wale waliofunikwa na bati la gari.

Hili linahusu sana mitaa kama Kawangware na Kibera. Wakazi wengi huko huenda kazini kwa miguu: wa Kawangware hushuka Lavington na Kilimani, wa Kibera hutembea hadi Industrial Area alfajiri na kurudi jioni. Gari linapomgonga mtu mzima, kwa kawaida huanza na mguu, chini ya goti au kwenye goti lenyewe. Kisha mtu hurushwa, na kichwa hugonga boneti, kioo au lami. Mtoto, kwa kuwa ni mfupi, huweza kupigwa paja, kiuno, kifua au kichwa kwa pigo la kwanza.

Mfupa wa muundi ukivunjika huchukua miezi mitatu au zaidi kuunga. Ukitokeza nje ya ngozi, ukaingiwa na vumbi na maji ya mtaro, viini huweza kuuvamia, na matibabu yakafika mwaka. Sasa fikiria fundi wa mjengo au mama anayeuza mboga, anayelipa kodi ya nyumba kwa kazi ya siku. Mguu wake mmoja ndio uliokuwa ukilisha nyumba nzima. Aliyeumia kichwa huweza kupona majeraha na bado asirudi kuwa yule waliyemjua nyumbani: husahau, hukasirika upesi, hushindwa kuhesabu chenji.

Simu na mkate wa kila siku

Mwendeshaji bodaboda akisoma haya atasema, “Daktari, wewe wasema tu. Nisiposhika simu, mteja anampigia mwingine, na watoto wangu watalala njaa.” Ni hoja ya kweli, wala si vyema kuidharau. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa pochi ya Mkenya. Kwa bodaboda ni pochi, ni ofisi na ni ramani. Dereva wa matatu naye hupigiwa na mwenye gari akitaka kujua hesabu ya siku, na hupigiwa na wenzake kuambiwa foleni iko wapi.

Hata hivyo, hakuna anayemkataza kutumia simu. Anakatazwa kuitumia akiwa katika mwendo. Matatu ina kondakta, na simu ya kazi inafaa kukaa kwake. Mwenye bodaboda anaweza kusimama kando, na kituo cha simu hiyo ni dakika moja tu. Mteja aliyekosa kujibiwa kwa dakika moja hajafa. Isitoshe, mguu wa mwendeshaji huyo ndio wa kwanza kuvunjika, na hakuna mteja atakayemlipia kodi akiwa amelala wodini.

Hoja ya pili ni ya kweli pia: kwamba sheria kali huwa mlango wa kitu kidogo. Lakini dawa ya hongo si kuifuta sheria. Tunakumbuka kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Ghafla abiria walifunga mikanda, matatu zikapigwa mstari wa manjano, kila mtu akawa na kiti chake. Waliosema Mkenya hawezi kufuata sheria waliaibika. Usimamizi ulipolegea, mikanda ikageuka kuwa kamba chafu zinazoning’inia, na watu wakarudi kubanana. Tulijifunza kwamba tabia hubadilika pale mtu anapojua kwa hakika kwamba akikosa atashikwa, leo na kesho.

Uingereza nayo ina funzo. Ilipiga marufuku simu ya kushikwa mkononi Desemba 2003, lakini kwa jinsi sheria ilivyoandikwa, waliotumia simu kupiga picha waliweza kuponyoka. Ikabidi sheria irekebishwe mwaka 2022 ili kuliziba tundu hilo. Sisi tusingoje miaka 18. Sheria yetu iseme wazi kwamba anayebeba abiria kwa malipo, awe wa basi, matatu, teksi au bodaboda, hazungumzi kwa simu akiwa katika mwendo, iwe mkononi, kwenye helmeti au kwa waya. Mwenye gari anayempigia dereva wake aliye kazini naye awajibike.

Lakini polisi hatakuwa katika kila kona ya 56. Kuna mambo ambayo wewe msomaji unaweza kuanza leo:

Ukijua mtu anaendesha, usimpigie. Ukimpigia ukasikia mngurumo wa injini, mwambie, “Nitakupigia ukifika,” kisha ukate. Mama na bibi wa dereva ndio wenye nguvu zaidi hapa.

Ukipanda matatu na dereva akashika simu, sema kwa heshima, “Dere, hebu mpe kondakta hiyo simu, tufike salama.” Mmoja akisema, abiria wengine huitikia. Kwa bodaboda, patana na mwendeshaji kabla ya kupanda kwamba simu itakaa mfukoni.

Ukiendesha wewe mwenyewe, izime sauti kabla ya kutia gia. Ikiwa jambo haliwezi kungoja, simama mahali salama, zungumza, umalize, ndipo uondoke.

Na ukivuka barabara, ondoa simu sikioni wewe pia. Dereva asiyekuona na mvukaji asiyeangalia wakikutana, hakuna wa kumwokoa mwenzake.

Haraka haraka haina baraka, walisema wazee kabla ya simu na kabla ya gari. Sh2,000 ni faini ndogo ukilinganisha na gharama ya kuunga mfupa mmoja, na simu usiyoijibu sasa utaikuta hapo hapo ukifika.