Steringi Ni Nani Nyumbani Kwenu?

Ukitaka kuwajua mke na mume vizuri, usiwaulize habari za mahari wala za harusi. Waulize nani mkali kati ya Bruce Lee, Jackie Chan na Jet Li, halafu kaa pembeni usikilize.

Kule Lyamkena, Makambako, mkoani Njombe, swali hilo halijawahi kupata jibu. Baridi ya Juni na Julai ikishuka, watu wakijikunyata na makoti yao, utalikuta stendi, kinyozi, kwenye ulanzi, na siku hizi hata sebuleni kwa wanandoa wapya. Kila mtu ana steringi wake na yuko tayari kumtetea mpaka chai ipoe.

Ubishi wenyewe ni mtamu, hatuna neno nao. Neno letu ni lile linaloumaliza ubishi mara nyingi, pale bwana anapomgeukia mwenzake na kusema: "Wewe mwanamke unajua nini kuhusu picha za ngumi?" Mpenzi msomaji, sentensi hiyo inaonekana ndogo, lakini ina historia ndefu. Mwezi huu tuifuate mpaka ilikotoka.

KAMBI ZA WABISHI

Kambi ya kwanza ni ya Bruce Lee, na hoja yao ni moja: bila yeye wengine wote wasingekuwepo. Alizaliwa San Francisco mwaka 1940, akakulia Hong Kong, na picha kubwa za ngumi alizozimaliza ni nne tu: The Big Boss (1971), Fist of Fury na The Way of the Dragon (zote 1972), na Enter the Dragon (1973). Alifariki tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32, kabla hata hiyo ya mwisho haijaanza kuonyeshwa. Wanakambi hawa hawapendi utani. Kwao ngumi ni heshima.

Kambi ya pili ni ya Jackie Chan. Hawa wanataka mtu anayepigwa, anayeogopa, anayekimbia na bado anashinda. Watakutajia Drunken Master (1978), yule kijana mtukutu anayefundishwa ngumi za kilevi, na Police Story (1985), pale anapoteleza kwenye nguzo yenye mataa ndani ya duka kubwa. Halafu watakukumbusha kwamba mwisho wa picha zake huwekwa vipande vilivyoharibika, ili uone mwenyewe jamaa anavyoumia. Alipokuwa akicheza Armour of God katika Yugoslavia ya zamani, alianguka kutoka mtini akapasuka fuvu la kichwa. Kwa kambi hii, huyo ndiye mwanaume: hafichi maumivu yake.

Kambi ya tatu ni ya Jet Li, bingwa wa wushu wa China tangu akiwa mtoto katika miaka ya 1970. Shaolin Temple (1982) ndiyo iliyomtoa, Once Upon a Time in China (1991) ikamthibitisha. Wapinzani wanasema anarushwa na kamba. Wenyewe wanajibu, hata akiwa na kamba, nani anashuka vile? Kichekesho ni kwamba Fist of Legend yake ya mwaka 1994 ni kisa kile kile cha Fist of Fury. Kwa hiyo watu wanaweza kugombana usiku kucha juu ya mhusika mmoja, yule Chen Zhen anayetaka kulipa kisasi cha mwalimu wake.

Vijana nao wana wao: Tony Jaa wa Ong-Bak (2003), asiyetumia kamba, na Iko Uwais wa The Raid (2011). Wa kwanza ni Mthailand, wa pili ni Mwindonesia, lakini mtaani zote ni "picha za kichina" na hakuna atakayekuelewa ukisema vingine.

KIBANDANI, NA NJE YA KIBANDA

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kipande cha kupanda kutoka Mlimba mpaka Makambako, chenye mahandaki na madaraja kibao, ndicho kilichowatoa watu jasho zaidi. Kwa hiyo Wachina wa kweli walifika ukanda huo na sururu miaka ile ile ambayo Bruce Lee alikuwa akirusha mateke Hong Kong. Lakini Hong Kong ilikuwa koloni la Uingereza mpaka mwaka 1997, na waliopasua milima hawakuja na mikanda ya kung fu mabegani.

Mikanda ilikuja na njia nyingine. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Mtu wa mjini alikwenda kwenye jumba la sinema. Wengine walisubiri deki za video zilipoenea, na hapo ndipo vilipozaliwa vibanda vya video. Mnavikumbuka: mabenchi ya mbao, pazia mlangoni, televisheni moja juu kabisa, spika nje inayoita wateja, na ubao wa chaki wenye majina ya picha yaliyokosewa herufi. Katika mji wa njia panda, mkanda haukosi usafiri.

Sasa jiulize: ndani ya kibanda kile kulikuwa na wasichana wangapi?

Mvulana alimaliza kazi zake akatoroka. Dada yake alikuwa na maji ya kuchota, mboga ya kuchambua na mdogo wa kumbeba. Na hata akimaliza, kibanda kilikuwa giza, kimejaa, kinatoka usiku. Msichana aliyeonekana akitokea pale alisemwa kesho yake kisimani, na maneno yale yalimfuata mpaka siku ya posa. Kwa hiyo alibaki nyumbani. Alizisikia ngumi kupitia ukuta, na kisa akasimuliwa na kaka yake asubuhi, tena kwa masharti ya kumfulia shati.

Basi leo unapomwambia mkeo hajui picha, unamlaumu kwa kukosa kitu alichonyimwa. Wewe uliingia bure kwa kupita chini ya pazia. Yeye hata angelipa kiingilio, asingeingia.

Na kusimuliwa si jambo dogo. Muulize Isaac Nabwana wa Uganda, mwanzilishi wa studio ya Wakaliwood pale Wakaliga, Kampala. Utotoni, kaka zake ndio waliokuwa wakienda kuona picha na kurudi kumsimulia. Mwaka 2010 akatoa ya kwake, Who Killed Captain Alex?, yenye ngumi na mateke ya watu wa mtaani kwake, na ikatazamwa duniani kote. Aliyebaki nje naye alikuwa na picha kichwani.

"LUFUFU KASEMA!"

Kuna ugomvi mwingine wa sebuleni ambao umekuja na simu na intaneti. Bwana anakumbuka maneno ya steringi neno kwa neno. Bibi anaitafuta picha ile ile, anasoma maandishi ya chini, na maneno yale hayamo kabisa! Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Bwana aliiona picha iliyotafsiriwa. Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ndiye aliyejulikana kuliko wote kwa kazi ya kuingiza sauti ya Kiswahili juu ya picha za nje, na baada yake wakaja wengine kama DJ Mack. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao. Mtafsiri hakuwa akifuata maneno tu. Alieleza, alitania, alimpa adui jina la mtaani, alimwonya steringi kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. Mzee wa Shaolin akaongea kama mjomba wako.

Kwa hiyo nyinyi wawili mmeona picha mbili tofauti. Na hili halihusu sinema tu. Mara ngapi mnabishana nyumbani juu ya jambo moja, kumbe kila mtu alisimuliwa na mtu wake? Mmoja na shangazi, mwingine na rafiki wa kazini. Kabla ya kuitana waongo, ulizaneni: wewe nani alikutafsiria?

KUMBE MWALIMU ALIKUWA MWANAMKE

Sasa tuwape akina dada silaha. Bruce Lee alipokuwa kijana Hong Kong katika miaka ya 1950 alijifunza wing chun kwa mwalimu Ip Man. Wing Chun ni nani? Masimulizi ya jadi ya mchezo wenyewe yanasema alikuwa msichana muuza tofu, Yim Wing Chun, aliyekuwa akilazimishwa na mbabe mmoja amuoe. Mtawa wa kike, Ng Mui, akamfundisha kupigana. Akampiga yule mbabe, akaolewa na aliyemtaka, akamfundisha mumewe, na mume akaupa mtindo ule jina la mke wake. Ni hadithi, si cheti cha serikali. Lakini ndivyo wenyewe wanavyosimuliana, na hawaoni aibu kwamba mume alijifunza kwa mke.

Na kwenye sinema wanawake hawakuja jana. Cheng Pei-pei alishika upanga katika Come Drink with Me mwaka 1966, miaka mitano kabla ya The Big Boss. Mwaka 2000 akarudi kama adui mkuu wa Crouching Tiger, Hidden Dragon, na alifariki Julai 2024. Michelle Yeoh wa Malaysia alianza kama mcheza baleti, akawa Miss Malaysia mwaka 1983, akaruka na pikipiki juu ya treni katika Police Story 3 (1992), na mwaka 2023 akachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Jackie Chan alikuwa kwenye picha hiyo ya treni. Kambi yake huwa wanasahau kulitaja hilo.

JARIBUNI HIVI

Jumamosi moja tu kwa mwezi. Yeye achague moja, wewe moja. Anayechagua ndiye anayesimulia, mwenzake haruhusiwi kusema "hii nimeshaiona". Na chakula kipikwe mapema na wote wawili, ili asiwepo wa kukosa nusu ya picha kwa sababu ya ugali.

Mkikosa pa kuanzia, anzeni na Wing Chun (1994), yenye Michelle Yeoh na Donnie Yen, mcheke pamoja. Kisha Drunken Master, kwa ajili ya yule bwana anayekumbuka kibanda. Kisha Crouching Tiger, kwa ajili ya mapenzi yasiyosemwa mpaka yanachelewa.

Ya mwisho iwe Ip Man 3 (2015). Humo bwana Ip, bingwa asiyeshindwa, anatakiwa ulingoni kuthibitisha kwamba yeye ndiye mkali. Mji mzima unasubiri, na yeye haendi. Mkewe anaumwa saratani, na muda ule anautumia kucheza naye dansi. Ubishi wa nani mkali unabaki kule nje, kwa wenye nafasi. Baadaye ni mke mwenyewe anayemtaka mumewe apigane, kwa sababu anajua ngumi ni sehemu ya mtu aliyempenda.

Mkimaliza hiyo, bishaneni mpaka asubuhi. Ila safari hii wote mmeingia ndani.