Kani na Momenta katika Maswali ya Migongano

Mwanafunzi anapokutana na swali la magari mawili yanayogongana, mara nyingi hukimbilia kanuni ya kwanza inayomjia kichwani. Hesabu zenyewe huwa nyepesi. Kinachompoteza ni kutojua aanzie wapi.

Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza sheria yake ya pili kwa kutumia badiliko la «kiasi cha mwendo», ambacho leo huitwa momenta. Momenta ya kitu ni tungamo lake likizidishwa kwa velositi yake, yaani kasi pamoja na mwelekeo. Kani ndiyo inayobadili momenta, na ukubwa wa kani ni sawa na badiliko hilo likigawanywa kwa muda uliotumika.

Ichukuliwe kwamba lori lenye tungamo la kilogramu 8,000, likienda mita 15 kwa sekunde, linaligonga kwa nyuma gari dogo la kilogramu 2,000 lililosimama, kisha yote mawili yanaendelea yakiwa yamenasana. Msuguano wa barabara ukipuuzwa katika muda huo mfupi, jumla ya momenta haibadiliki. Kabla ya mgongano ilikuwa 8,000 × 15, yaani 120,000. Baada yake tungamo ni kilogramu 10,000. Kwa hiyo velositi ni mita 12 kwa sekunde.

Je, ni gari lipi lililosukumwa kwa kani kubwa zaidi? Wengi watajibu kuwa ni lile dogo. Lakini gari dogo limepata momenta ya 24,000 na lori limepoteza 24,000 ile ile. Mgongano ukiwa umechukua sekunde 0.2, kani ya wastani ni nyutoni 120,000 kwa kila moja, zikielekea pande zinazopingana. Kisicho sawa ni mchapuko: mita 60 kwa sekunde kwa sekunde kwa gari dogo, na 15 tu kwa lori. Ndiyo maana walio katika gari dogo hutikiswa vibaya zaidi.

Hapa upo mtego mmoja. Nishati ya mwendo kabla ya mgongano ilikuwa jouli 900,000. Baada yake ni jouli 720,000. Jouli 180,000 zimekwenda katika kukunja mabati, joto na sauti. Basi atakayeitafuta velositi hiyo kwa kudhani kuwa nishati ya mwendo haikupungua atapata jibu lisilo sahihi.

Kanuni ya kuchagua njia ni rahisi. Swali likitaja muda ambao kani ilifanya kazi, momenta ndiyo njia ya mkato. Likitaja umbali, kazi na nishati hufaa zaidi. Vitu vikigongana, momenta hutangulia. Na daima uchaguliwe kwanza mwelekeo mmoja kuwa chanya. Kinachoelekea kinyume kipewe alama ya kutoa.

Elimu hii haiishii kwenye karatasi ya mtihani. Abiria wa kilogramu 60 aliye katika gari liendalo kilometa 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, ana momenta ya 1,200. Gari likisimama ghafla, momenta hiyo haina budi kwisha. Akijipiga kwenye dashibodi na kusimama kwa sekunde 0.01, kani ya wastani ni nyutoni 120,000, mara 200 ya uzito wake. Akizuiwa na mkanda wa usalama kwa sekunde 0.1, kani hiyo hushuka hadi nyutoni 12,000. Badiliko la momenta ni lile lile. Kilichoongezeka ni muda. Katika tofauti hiyo ya chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu aweza kupona au kufa.